Binti, Mapatano na Mwenye Nguvu: Vitabu Vitano vya Mapenzi na Maajabu

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili kumekuwa na desturi ya kuvigawa vitabu katika mafungu mawili: vile vinavyostahili kuhakikiwa, na vile vinavyostahili kulaaniwa bila ya kusomwa. Fungu la pili tumelipa jina la fasihi pendwa, kisha tukalifungia nje. Riwaya ya upelelezi ilibisha hodi kwa muda mrefu hadi ikafunguliwa. Leo hakuna anayeshangaa kumwona Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla akijadiliwa darasani. Riwaya ya mapenzi ingali barazani. Ama riwaya ya mapenzi yanayotendeka katika nchi za maajabu, pamoja na hadithi za picha kutoka Japani, hizo hata barazani hazijafika, ingawa wanafunzi wetu wanazibeba mikobani mwao kila siku.

Nakiri kwamba nami nilikuwa miongoni mwa walinzi wa mlango huo. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa nne aliniletea pendekezo la tasnifu juu ya mhusika wa kike katika vitabu vya namna hii, akitaka kuvilinganisha na hekaya za pwani. Nilimrudishia siku ya pili, nikiwa nimeandika pembeni neno moja tu: kasumba. Hakubisha. Aliniuliza kwa adabu, "Lakini Mwalimu, umevisoma?" Sikuwa nimevisoma. Nilipokuwa Uingereza nikisomea shahada ya uzamili nilizipita rafu zake madukani mara nyingi, wala sikupunguza mwendo. Basi akanikopesha vitano, nami nikajipa mwezi mmoja. Makala haya ni hesabu ya mwezi huo.

Vitabu vyenyewe ni riwaya tatu za waandishi wa Kimarekani: A Court of Thorns and Roses ya Sarah J. Maas (2015), Uprooted ya Naomi Novik (2015) na Fourth Wing ya Rebecca Yarros (2023). Viwili vilivyobaki ni hadithi za picha za Kijapani: Mahoutsukai no Yome, yaani mke wa mchawi, ya Kore Yamazaki, iliyoanza kutolewa mwaka 2013, na Akatsuki no Yona, yaani Yona wa alfajiri, ya Mizuho Kusanagi, iliyoanza mwaka 2009. Hizi mbili ni ndefu mno. Nimesoma juzuu za mwanzo tu, na hukumu yangu isichukuliwe kupita hapo.

Hadithi hizi za picha Wajapani huziita manga, na mwanaisimu hawezi kulipita neno hilo kimya. Sisi tunayo Manga yetu tangu zamani, nayo ni Arabuni: ndiko walikotoka Wamanga, ndiko kulikopewa jina pilipili manga, na wako wanaosema komamanga nalo lilifuata njia hiyo. Maneno haya mawili hayana nasaba yoyote. Hata hivyo, mwanafunzi wangu alipotamka mara ya kwanza kwamba anataka kuandika juu ya manga, nilidhani kwa dakika nzima kwamba anazungumzia Omani, nikafurahi bure.

Vitabu hivi vitano vina kiunzi kimoja. Binti anatolewa kwao na kutiwa mikononi mwa mwenye nguvu ambaye si binadamu kamili, au ni binadamu mwenye uwezo unaopita wa binadamu. Ama ametekwa, ama ameuzwa, ama ameamriwa, ama amefukuzwa. Kisha mapenzi yanazaliwa humo humo katika kifungo. Kiunzi hiki si kipya. Apuleius alikitumia katika karne ya 2 alipoeleza habari za Psyche na mume asiyeonekana, na huko Ufaransa Madame de Villeneuve alikiandika upya mwaka 1740 katika hadithi ya mrembo na mnyama. Wala si kigeni kwetu. Jini wa pwani ana kabila, ana dini, na anajua sheria. Akimpenda binadamu humwekea masharti, na hadithi nzima hutegemea kama masharti hayo yatatimizwa au yatavunjwa. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952) jini Huria anamwamuru Adili awapige mijeledi kila usiku ndugu zake waliogeuzwa nyani, na huruma ya Adili haina nafasi mbele ya amri hiyo. Katika Mashetani ya Ebrahim Hussein (1971) mapatano baina ya Shetani na Binadamu yamekuwa siasa waziwazi: mwenye nguvu anatoa zawadi, na zawadi ndiyo mnyororo.

Kwa hiyo swali nililovisomea vitabu hivi si kama mapenzi yake ni ya kweli au ya uongo. Niliuliza mapatano yalitungwa na nani, kwa maneno ya nani, na kama binti anapata nafasi ya kuyatunga upya. Mwandishi anayeliona swali hili huandika riwaya. Asiyeliona hupamba kifungo kwa maua.

Maas analiona nusu. Feyre wake ni binti fukara wa miaka kumi na tisa anayewinda ili kuilisha familia. Anaua mbwa-mwitu msituni, kumbe si mbwa-mwitu bali ni mmoja wa viumbe ambao sisi tungewaita majini, maana hatuna neno lililo karibu zaidi. Bwana wa aliyeuawa, Tamlin, anakuja katika umbo la mnyama kudai uhai kwa uhai, akitaja mkataba wa kale baina ya binadamu na viumbe hao. Baadaye tunagundua kwamba sharti hilo halimo kabisa katika mkataba. Ni hila ya kumpata binti atakayeondoa laana. Na hapa ndipo pana jambo ambalo lingeweza kuifanya riwaya hii kuwa kubwa: Feyre hajui kusoma. Ametolewa kwao kwa jina la hati ambayo hana njia ya kuisoma. Mkenya yeyote aliyesikia habari za mikataba ya ardhi ambayo wazee walitia alama ya kidole gumba atasimama hapo na kuuweka moyo tayari.

Lakini mwandishi hasimami. Suala la kutojua kusoma linarudi kama kikwazo cha mtihani tu. Feyre anatiwa mahali ambapo lazima asome maandishi ukutani ili achague wenzo wa kuvuta. Akikosea, yeye na mwenzake watapondwa. Hawezi kusoma. Anaokolewa na maumivu katika mkono wake wenye chale, ishara anayotumiwa kwa siri na mwanamume mwingine, Rhysand, ambaye naye alikwisha kumfunga kwa mapatano mengine: wiki moja ya kila mwezi. Lango la chuma lililokuwa mbele ya mhusika huyu limefunguliwa na mwanamume mwenye ufunguo, nasi twatakiwa tushangilie. Fumbo la mwisho, ambalo jibu lake ni mapenzi, msomaji yeyote aliyekulia katika vitendawili atalitegua kabla mtegaji hajapewa mji. Maas anajua kupanga matukio na kumnyima msomaji usingizi, hilo simnyimi. Ila kila anapolifikia swali la nguvu humpaka mwenye nguvu uzuri wa sura, na swali linapotea katika maelezo ya mabega.

Fourth Wing haitanichukua muda mrefu. Violet, ambaye amelelewa kuwa mwandishi wa kumbukumbu kama baba yake, analazimishwa na mama yake, jemadari, kuingia katika chuo cha vita cha wapanda majoka. Sehemu iliyonivutia ni ile ya nyaraka. Inabainika kwamba watawala wa nchi ya Navarre wameifuta historia kutoka vitabu rasmi, na ukweli umebaki katika kitabu cha ngano ambacho baba alimwachia binti. Hili ni wazo zito. Sisi tuliokusanya fasihi simulizi vijijini twajua kwamba ngano huweza kuhifadhi yale ambayo kumbukumbu za serikali hazikuandika. Yarros analichukua wazo hili, analiweka mezani, kisha anarudi mbio kwenye mazoezi ya vita na kitanda cha Xaden. Lugha yake ni ya haraka, ya mazungumzo ya vijana wa leo wa Marekani iliyovishwa ngozi ya joka, na nilipoifunga sikukumbuka sentensi hata moja.

Nilikuwa karibu kuitetea ile "kasumba" yangu nilipoifungua Uprooted.

Bonde limepakana na Msitu, na Msitu huo una uovu unaotambaa na kumeza watu na ng'ombe. Mchawi anayelilinda bonde huitwa Joka, jina lake Sarkan, na kila baada ya miaka kumi huchukua binti mmoja wa miaka kumi na saba akae naye mnarani. Hawafanyi ubaya, wanavyosema mabinti wenyewe. Huwarudisha na mfuko wa fedha. Lakini, na hapa ndipo Novik anapoonyesha kwamba analiona swali, mabinti hao hawakai tena kijijini. Wanarudi wakiwa wageni, kisha wanaondoka. Jina la kitabu maana yake ni kung'olewa pamoja na mizizi, na hakuna mtu bondeni anayethubutu kusema kwamba ulinzi wa Joka una bei, na kwamba bei hiyo inalipwa na mabinti pekee. Kila mtu alitazamia Kasia achukuliwe, kwa kuwa ni mzuri na hodari. Anachukuliwa rafiki yake, Agnieszka, anayechafua kila nguo anayovaa.

Agnieszka ana kipaji cha uchawi, na Sarkan anajaribu kumfundisha. Sura hizi ningependa kila mwalimu wa ushairi azisome. Uchawi wa Sarkan ni wa maneno marefu yaliyopimwa, kila silabi mahali pake. Silabi ikipotea, kazi yote imeharibika. Agnieszka hawezi. Anakata maneno, anayaimba, anayavuta pale yanapotaka kuvutwa, kama mtu anayetafuta matunda msituni pasipo njia. Hujifunza zaidi kutoka daftari la kale la Baba Jaga, ajuza wa ngano za Kipolandi, ambalo Sarkan alilidharau kwa kuwa halikuwa na kanuni. Nani kati yetu asiyeukumbuka mgogoro wetu wenyewe, baada ya Kezilahabi kuitoa Kichomi mwaka 1974, baina ya wanaarudhi na wanamashairi huru? Sarkan ni mwanaarudhi aliyekomaa, na tusi analolipenda ni lile lile tulilolisikia: huu si ujuzi, huu ni uvivu. Tofauti ni kwamba katika riwaya hii hakuna anayeshinda. Kasia anapotekwa na Msitu na kurudishwa akiwa ameoza ndani, wawili hawa wanakisoma pamoja, kwa sauti, kitabu kimoja cha kufichua ukweli, mmoja kwa kipimo chake na mwingine kwa wimbo wake, na ni kazi ya sauti zote mbili inayomwokoa rafiki. Mapenzi yao yanaanzia hapo, katika kusoma pamoja. Katika vitabu vyote vitano sikuona mandhari ya mapenzi iliyonigusa kama hiyo, wala hakuna mtu aliyemgusa mwingine.

Kitabu kina dosari. Sehemu ya mji mkuu ina vifo vingi vinavyofuatana upesi hata msomaji huacha kuomboleza. Matusi ya Sarkan, kwamba binti huyu ni mjinga na hafai, mwandishi anayachukua kama utani wa mapenzi kwa kurasa nyingi kuliko inavyostahili. Ningelikuwa mzazi wa Agnieszka nisingelicheka. Lakini mapatano ya mwanzo yanavunjwa kweli. Mwisho wa riwaya binti hakai mnarani. Anakaa msituni akiitibu miti, miongoni mwa watu wake, na ni mwanamume anayelazimika kurudi bondeni kumfuata. Mizizi imebaki kwa aliyetaka kung'olewa.

Sasa nije kwenye picha, ambako nilikuwa mwanafunzi kabisa. Hadithi hizi husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Siku ya kwanza nilifungua nyuma nikidhani ni mbele, nikaanza na mwisho. Kisha nikakumbuka kwamba tenzi zetu za kale ziliandikwa kwa khati ya Kiarabu na jicho la msomaji wa Lamu au Pate lilikwenda njia hiyo hiyo. Aliyegeuzwa ni mimi. Jambo la pili ni sauti. Ndani ya picha, nje ya mazungumzo, msanii huandika maneno ya milio kwa herufi kubwa zilizochorwa: mvua, mlango, moyo unaodunda. Kijapani, kama Kiswahili, kina hazina kubwa ya tanakali, na hazina hiyo haiishii kwenye milio. Kimya chenyewe kina neno lake, shiin, ambalo huchorwa juu ya chumba ambamo hakuna anayesema. Nimeona jinsi wafasiri wa Kiingereza wanavyohangaika nalo. Mfasiri wa Kiswahili angeandika "jii" na kuendelea na kazi yake. Tunayo tuli, ndi, pu, totoro, pomoni. Tumeyafundisha miaka mingi kama orodha za kukariri kwa ajili ya mtihani, na hapa naona taifa zima likiyatumia kama nguzo ya usimulizi.

Mahoutsukai no Yome ilinipa shida kuliko kitabu kingine chochote. Inaanza mnadani. Chise, yatima wa Kijapani wa miaka kumi na mitano, amejitoa mwenyewe auzwe, kwa sababu hana pa kwenda. Amefungwa minyororo. Anayemnunua kwa pauni milioni tano ni Elias, kiumbe mwenye fuvu la mnyama badala ya kichwa, anayemvua minyororo, anampeleka Uingereza mashambani, anamwogesha, na kumwambia atakuwa mwanafunzi wake, kisha mke wake. Picha ni nzuri mno. Msanii huchora nyasi na giza kwa namna ambayo ukurasa unanukia mvua. Na ndiyo shida yenyewe. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Katika pwani yetu ziko nyumba ambazo neno mnada halisemwi kwa urahisi mbele ya wazee, kwa kuwa wapo wanaomjua bibi yupi alinunuliwa na babu yupi, na kwamba alitunzwa vizuri haikuwahi kulifuta jambo hilo. Siwezi kuisoma sura ile ya kwanza kama mwanzo wa mapenzi. Niliweka kitabu chini siku mbili.

Nilipokichukua tena niliona kwamba Yamazaki haendi ninakodhani. Elias ana nguvu zote isipokuwa lugha ya moyo. Anahisi kitu na hajui jina lake. Ni Chise, mnunuliwa, anayemfundisha kwamba hiki ni upweke, hiki ni wivu. Na Elias anapotaka kumtoa mhanga rafiki wa Chise ili kumwokoa Chise mwenyewe, binti anamwacha. Anaondoka. Kabla ya kurudiana wanawekeana ahadi mpya. Je, hilo linatosha kuufuta mnada? Kwangu mimi halitoshi. Aliyenunuliwa ndiye amekuwa mwalimu wa mnunuzi, na mzigo wa kumfanya mwenye nguvu awe mtu umewekwa juu ya mabega ya mtoto wa miaka kumi na mitano. Lakini ni kutotosha kunakofikirisha, na ni mbali sana na mabega ya Tamlin.

Akatsuki no Yona ina kifungo cha namna nyingine, kwa kuwa binti mfalme huyu amefungwa na starehe yake mwenyewe. Usiku wa siku yake ya kutimiza miaka kumi na sita anamkuta binamu yake Su-won, anayempenda, akiwa amemuua mfalme baba yake. Anakimbia na mlinzi wake Hak, na njiani anaukata kwa upanga ule unywele wake mwekundu uliosifiwa na kila mtu. Wahakiki wa mrengo wa kijamii, ambao nami nililelewa nao, wangepata mengi humu. Kadiri anavyotembea ndivyo Yona anavyogundua kwamba baba yake mpole, aliyechukia vita, aliwaacha watu wake na njaa. Katika bandari ya Awa anawakuta maharamia wakipambana na mtawala anayeuza wanawake, anajiunga nao, na ni mshale wake yeye unaomwangusha mtawala huyo. Mapenzi hapa yanakwenda polepole sana, kiasi cha kumchosha mwenye haraka, kwa sababu mwandishi kwanza anataka binti awe na macho. Muuaji naye hakuchorwa kama shetani. Anatawala vizuri kuliko aliyeuawa, na hilo ni jambo ambalo riwaya zetu nyingi za kisiasa hazikulithubutu.

Nilimrejeshea mwanafunzi vitabu vyake mwisho wa mwezi, pamoja na pendekezo lake ambalo nilikuwa nimelifuta lile neno la pembeni. Nilimwambia nitamsimamia, kwa sharti kwamba Yarros apewe kurasa chache. Alikubali kwa Yarros. Juu ya Maas alikataa katakata. Akasema nimehukumu kwa juzuu ya kwanza. Kwamba katika ya pili, A Court of Mist and Fury (2016), Feyre anamwacha Tamlin aliyemfungia nyumbani, na anajifunza kusoma. Nikamwuliza, anafundishwa na nani? Na Rhysand. Na maneno ya kwanza anayoandikiwa ayasome na kuyanakili ni yapi? Akacheka kabla ya kujibu: ni sifa za Rhysand, jinsi alivyo mzuri kuliko mabwana wote. Nilimweleza habari za vitabu vya kwanza vya kusomea ambavyo babu zetu walipewa shuleni, na sifa za nani walizozinakili humo. Yeye akashikilia kwamba pale ni utani wa watu wawili ambao sasa ni sawa, na kwamba Feyre anajua kuwa ni utani, jambo ambalo babu zetu hawakupewa nafasi ya kulijua. Hiyo ndiyo itakuwa sura yake ya tatu. Juzuu ya pili iko mezani kwangu, nami nimefika ukurasa wa arobaini.